Shemeji, Yule Hakuwa Nyuki

Shemeji yangu Gaudensi,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kuulizana hali. Nikikuuliza wewe hali sasa hivi, najua utakavyonijibu: "Mtu wa ng'ombe bwana, umekosa swali?" Basi naliacha. Huku Kabungu mahindi tumeshayaingiza ndani, ng'ombe wameanza kukonda kwa kiangazi, na baridi ya asubuhi mwaka huu imekuja na hasira. Shija yuko bweni, barua zake zote zinaomba sabuni. Dada yako Veronika yupo, anapika, anapalilia mchicha wake, anaenda kanisani Jumapili. Jina lako halitaji sana, lakini kikombe chako cha bati bado anakiosha na vyombo vingine.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno nimelibeba tangu tulipokuzika, wiki mbili kabla ya Pasaka. Siku ile baada ya matanga, watu walipotawanyika, dada yako alinishika mkono akaniuliza, "Baba Shija, wewe ulikuwa naye porini, na zahanati ukaenda naye wewe. Kweli hukuona kitu?" Nikamwambia sikuona. Kisha nikatoka kwenda kuhesabu ng'ombe ambao nilikuwa nimeshawahesabu.

Ngoja nianzie mbali kidogo, unanijua mimi sipendi kuingia nyumbani kwa mtu kwa mlango wa nyuma.

Unakumbuka siku nilipokuja Ugalla kumtaka dada yako? Nilivaa koti la baba, la baridi, na jua lilikuwa linachoma. Wazee wako walinipokea vizuri, wakanipa kiti. Wewe peke yako ulikaa kwenye gogo unachonga mfuniko wa mzinga, hukuinua hata uso. Mwisho ukauliza, "Huyu Msukuma anajua kupanda mti?" Nikasema mimi ni mtu wa ng'ombe. Ukasema, "Ng'ombe hawapandi miti, hilo naliona. Nauliza wewe." Halafu ukatangaza mbele ya watu kwamba anayemtaka dada yako sharti kwanza umuone akiumwa na nyuki, ujue ni mtu wa namna gani. Wazee wakacheka. Mimi nikadhani ni utani.

Kumbe! Asubuhi yake ukanipeleka porini. Ukanipandisha kwenye ule mti mrefu wa mtundu ulio karibu na kijito, mwenge wa majani unanifukizia moshi machoni, nyuki wanaingia mpaka ndani ya koti la baba. Nilishuka mti ule bila kugusa matawi, nadhani. Jicho moja likafunga kabisa, mdomo ukawa wa mtu mwingine. Na hivyo hivyo ukanirudisha nyumbani ili Veronika anione. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaja na ukucha wake akaanza kunitoa miiba usoni, mmoja mmoja, na wewe umesimama pembeni unanifundisha kama mwalimu: "Mwiba wa nyuki haubanwi, shemeji. Ukiubana unajisukumia sumu mwenyewe. Unakwanguliwa kwa ukucha, hivyo." Ndiyo mara ya kwanza uliniita shemeji, nami nikajua nimepita.

Siku ile niliona jambo moja ambalo nataka ulikumbuke vizuri. Wewe uliumwa kuliko mimi. Mikono yako mitupu ilijaa miiba. Lakini hukuvimba popote. Nikakuuliza, ukanionyesha viganja: "Mimi wameshanizoea. Sijavimba tangu nikiwa kijana. Nyuki akiniuma, ni kama amenisalimia." Niliona wivu, haki ya Mungu.

Baada ya hapo kila mwaka mahindi yakishaingia ndani nilikuwa napanda treni Mpanda kuja Ugalla kurina asali nawe. Watu wa kwetu walisema nimerogwa, Msukuma gani anaacha zizi anakwenda kulala porini na nyinyi Wakonongo. Hawakujua. Hawakuwahi kunywa uji wa kambini kwako, uliotiwa asali mpaka kijiko kinasimama. Hawakukusikia unavyoongea na nyuki ukiwa juu, kwa adabu, "Samahani mama, samahani, nachukua kidogo," na sega lenye majana, wale watoto wa nyuki weupe, unalirudisha taratibu kama unamfunika mtoto. Wewe uliyenitukana mimi tangu asubuhi mpaka jioni! Kwa nyuki ulikuwa na heshima zote. Ukanifundisha kuchonga alama yako kwenye mifuniko, mikwaruzo mitatu na tundu moja, na siku nilipochonga vizuri ukasema, "Sasa hata nikifa mizinga haitapotea." Nikakwambia wewe hufi, utazeeka mpaka nyuki wakukimbie.

Halafu likaja lile la figo. Shija alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Ulikuwa unakojoa damu miezi, ukatuficha, ukasema ni mizizi ya dawa unayokunywa ndiyo inatia rangi. Dada yako ndiye aliyekukamata. Alikugombeza siku ile mpaka kuku wakatoka uani. Tukapanda treni, mimi na wewe, mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Mwanza, na dumu lako la asali miguuni kwa sababu ulisema hutaki kukatwa na mtu ambaye hujamlambisha kitu. Madaktari wakakuta ni kansa. Wakaitoa figo ya kushoto yote, na wakasema kansa imetoka yote, ila urudi kila mwaka kuangaliwa.

Ulirudi mara mbili. Mwaka wa tatu ukasema figo moja inamtosha mtu mwembamba. Mwaka wa nne nilipotaja Mwanza ukanikata: "Hiyo habari imeisha, shemeji. Tusiite kitu kilichoondoka." Na sisi tukakutii. Ikawa haitajwi nyumbani wala porini. Ukawa unavua shati kuoga kijitoni, naliona lile kovu refu ubavuni, nageuza macho. Miaka kumi na miwili, Gaudensi. Mwishoni nilikuwa nimesahau kweli. Mtu aliyekuwa anapanda mti na kamba begani kuliko vijana wote, utamkumbukaje kama mgonjwa?

Sasa tufike kwenye kidole.

Mwaka jana msimu wa kurina, siku ya tatu kambini, ulinionyesha kidole gumba cha mkono wa kulia. Ncha yake ilikuwa nyekundu, imejaa, ukucha umenyanyuka kidogo. Nikasema nyuki huyo. Ukasema, "Sikumbuki kuumwa hapa." Nikasema wewe unaumwa mara ngapi kwa siku, utakumbuka upi? Tukacheka, tukaendelea na kazi. Ulipokuja huku Kabungu kupumzika kama kawaida yako, na ndoo ya asali ya dada yako, kidole kilikuwa kimeongezeka. Veronika akakipaka asali, akakifunga kitambaa. Kila asubuhi akafungua, akaosha, akapaka tena. Sisi asali ndiyo dawa yetu ya kwanza na ya mwisho, nani asiyejua?

Siku moja zizini ukanyoosha mkono, ukaniambia, "Shika hapa." Nikashika. Kilikuwa cha moto, na kilikuwa kinadunda. Kinadunda kabisa, kama kifaranga ukimshika mkononi. Ukasema, "Shemeji, huyu si nyuki. Nyuki mimi namjua." Hukucheka uliposema. Na mimi nikafanya nini? Nikasema, "Ni nyuki, ila amebaki humo ndani anapiga ngoma." Ukanitazama kidogo, halafu ukacheka, kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kuachiana mzaha ukaanguka chini. Ndivyo tulivyoishi. Kati yetu neno zito halikuwa na njia ya kupita.

Hata hivyo nilikupeleka zahanati. Na hapa ndipo lilipo neno langu.

Dokta alikuwa kijana, mpole, ana haraka lakini anasikiliza. Akakiangalia kidole, akakibonyeza, akauliza tangu lini. Kisha akauliza, kalamu iko juu ya karatasi, "Mzee amewahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa? Amewahi kufanyiwa upasuaji?" Alikuuliza wewe. Ulifungua mdomo. Mimi nikawahi. "Huyu? Huyu hajawahi kuumwa, dokta. Hata malaria inamwogopa. Ni nyuki tu, na ukiniuliza mimi, aliyeumia ni nyuki." Watu kwenye benchi mlangoni wakaangua kicheko. Dokta naye akacheka. Wewe ukacheka. Lakini mkono wako wa kushoto ulikuwa umeenda ubavuni, juu ya shati, pale penye kovu. Ukakaa pale kidogo, kisha ukashuka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unataka kusema au ulikuwa unajikuna.

Dokta akaandika "kuumwa na nyuki." Akatupa vidonge, akasema kisipopungua turudi. Hatukurudi. Asali ilikuwepo.

Miezi mitatu, shemeji. Ukapata na kinundu kichwani, juu ya sikio, tukasema umejigonga tawi. Ukaanza kukohoa, tukasema ni moshi wa mwenge. Kila kitu chako kilikuwa na sababu yake kutoka porini, tulikuwa na majibu mpaka yakabaki. Ni Shija, aliporudi likizo, ndiye aliyesema, "Mjomba, hiki kidole kinanuka damu," na akatulazimisha kwenda Mpanda kupiga eksirei. Yule wa picha akaiinua kwenye mwanga, akaita mwenzake. Mfupa wa ncha ya kidole haukuwepo. Ulikuwa umeliwa kama panya alivyokula gunzi.

Mwanza mara hii tulikwenda kimya. Wakakata kinyama kidogo wakapima. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akakwambia uvue shati. Akalitazama kovu, akakutazama, akauliza, "Hili hukulisema popote?" Ukasema, "Lilikuwa limeisha." Akavuta kiti akakaa karibu na wewe, nikampenda kwa hilo. Akasema kansa ya figo ina tabia hiyo. Inaweza kutoroka na damu kabla figo haijatolewa, ikalala miaka mingi, halafu ikaibuka mahali ambapo hakuna anayeitegemea. Ameshaiona kwenye ulimi, ameiona puani, ameiona chini ya ngozi ya kichwa. Kwenye kidole ni mara chache sana. "Na kwenye mapafu yako pia ipo," akasema taratibu.

Halafu ukasema, "Mapafuni inaingia kwa kila mtu. Lakini kidole! Kansa imenipa heshima." Yule mama akacheka huku macho yamejaa.

Nilimfuata nje kwenye korido. Nikamuuliza, kama angejua miezi mitatu nyuma, je? Akaniambia kwamba maumivu yangetulizwa mapema, na dawa zingeanza mapema, pengine ungepata muda zaidi, pengine usipate. Mapafuni ilikuwa imeshatangulia. "Siwezi kukuahidi kitu, baba, na siwezi kukuhukumu," akasema. Jamani, ningependa angenitukana.

Kidole walikikata kwa sababu ya maumivu. Ukatoka umefungwa bandeji kubwa, ukaniambia, "Figo, kidole. Hawa watu wananihamisha kidogo kidogo." Tukarudi, na ukaja kukaa kwetu moja kwa moja. Kwa mkono ule wa vidole vinne ukanifundisha fundo lako la kutundikia mzinga, lile ulilonificha miaka yote. Ulishindwa kulikaza. Ukanishika mkono wangu, ukatumia kidole gumba changu. "Bonyeza hapa. Hapa. Si kama unakamua ng'ombe." Ule mzinga tukautundika kwenye mninga nyuma ya zizi, mimi juu, wewe chini unanitukana. Sijawahi kufurahi na kuumia kwa wakati mmoja namna ile. Hukuupata msimu wake.

Wiki iliyopita niliurina. Peke yangu, Gaudensi, na mwenge niliuwasha vizuri, na samahani niliomba, ingawa kwa Kisukuma. Asali imejaa, nyeusi, ile unayoipenda. Nimeacha masega ya majana yote. Wakati nashuka nyuki mmoja akanipata kwenye kidole gumba. Cha mkono wa kulia.

Nikaingia jikoni mwiba uko humo humo. Veronika akaweka mwiko chini, akanishika mkono, akaukwangua kwa ukucha wake kama siku ile ya kwanza. Tukakaa tunakiangalia kidole. Kikaanza kujaa mbele ya macho yetu, kinang'aa, kinavimba kama unga uliotiwa hamira. Na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama Shija, kaka yako alikuwa havimbi."

"Najua," akasema.

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, ya zizini na ngoma ya nyuki, ya zahanati, swali la dokta, mdomo wako uliofunguka na wangu uliowahi. Nililia kama mtoto, sikuona aibu. Nikamaliza nikangoja anifukuze.

Hakunifukuza. Alikuwa ameushika mkono wangu bado. Akasema, "Wewe ulisema mara moja. Mimi nilipaka asali kila asubuhi. Nilikuwa nafungua kitambaa kile kwa mikono yangu, naona kimevimba, na mimi ndiye niliyekua naye tangu wadogo. Nani anajua kuliko mimi kwamba havimbi? Nilikuuliza siku ile kwa sababu nilitaka mtu aniambie haikuonekana."

Tumekaa nyumba moja miezi yote hii, shemeji, kila mtu amejifungia na kosa lake, tunapeana chumvi mezani. Mboga zikaungua siku ile. Hakuna aliyeinuka.

Baadaye akafuta uso kwa khanga, akauliza, "Pale zahanati, uliposema hivyo. Alicheka?"

Nikasema ulicheka.

"Kweli alicheka, au unanifariji?"

Nikamwambia ulicheka mpaka ukashika meza ya dokta. Na ni kweli, ulishika. Akatikisa kichwa, akasema, "Mjinga yule," akaanza kucheka na kulia pamoja, nami nikamfuata. Jirani alichungulia kuona kuna nini.

Juzi nilikwenda zahanati kupima presha. Dokta ni yule yule kijana. Aliponiuliza kama nimewahi kuugua, nilimtajia kila kitu, mpaka jino nililong'olewa nikiwa mdogo. Halafu nikamtajia na yako, nikamwambia lile jibu lilikuwa langu. Akatafuta kwenye daftari lake ukurasa ule, akakaa anautazama. Akanishukuru, akaniambia kuanzia sasa ataomba wazee wavue shati.

Naomba unisamehe, Gaudensi. Najua unataka kunijibu kwa mzaha, na safari hii nakuomba usubiri kwanza, usikie. Nilikupenda kuliko ndugu wa tumbo moja na nami, na siku uliyotaka kuniambia jambo zito nilikuchekesha. Mengine nitayavumilia. Hilo ndilo linaloniamsha.

Mizinga yako Ugalla ipo yote, nitaipandia kuirina mwezi huu. Veronika anasema anakuja na mimi, atapika uji wa kambini mwenyewe. Mzinga mpya nimeshauchonga, una mikwaruzo mitatu na tundu moja. Alama yangu sijaiweka.

Dada yako anakusalimu. Kidole changu kimeshanywea, shemeji. Siku tatu tu.

Ni mimi shemeji yako,
mtu wa ng'ombe,
Masanja